Az-Zahrawi na Kijiji Ambacho Damu Haikukatika

Abul-Qasim Khalaf bin Abbas az-Zahrawi alizaliwa mnamo mwaka 936 katika Madinat az-Zahra, mji wa makhalifa karibu na Cordoba, nchi ya Andalusi, ambayo leo ni Hispania. Umri wake aliutumia kutibu na kufundisha. Karibu na mwaka 1000 alikamilisha kitabu chake, At-Tasrif, chenye juzuu 30. Juzuu ya mwisho ni ya upasuaji. Humo alichora vyombo vipatavyo 200, na akaeleza namna ya kutahiri watoto kwa mkasi.

Katika kitabu hicho aliandika habari ya kijiji ambacho wanaume wake wakijeruhiwa, damu iliwatoka mpaka wakafa. Hata mtoto wa kiume akisuguliwa fizi, yalimfika hayohayo. Az-Zahrawi hakuikuta habari hiyo kwa matabibu waliomtangulia. Hakubuni sababu, alikiri kuwa haijui, akashauri jeraha lichomwe kwa chuma cha moto hadi damu ikome.

Alifariki mnamo mwaka 1013, wakati Andalusi imechanika kwa fitina. Karne ya 12, Gerard wa Cremona aliifasiri juzuu ya upasuaji kwa Kilatini, na Ulaya ikaisomesha kwa karne nyingi.

Mwaka 1803, daktari John Otto wa Philadelphia, Marekani, alieleza kuwa maradhi hayo hupitia kwa mama asiyeumwa na kuwapata wanawe wa kiume. Leo huitwa hemofilia. Mtu akikatika, chembe sahani za damu hukusanyika na kuziba jeraha, kisha protini za damu husuka nyuzi za kukaza kizibo hicho. Chembe sahani zikipungua sana, au zikiwa dhaifu, kizibo hakifungi vizuri. Kwa mwenye hemofilia zimetimia, ila protini moja imepungua, nyuzi hazisukiki sawasawa, na damu hurudi kutoka.

Kwetu sisi jambo hili hufika mlangoni siku ya tohara, maana huenda hilo likawa jeraha la kwanza la mtoto. Kabla ya mkasi, muulizeni mama: je, yuko mjomba au kaka wa mtoto aliyewahi kutokwa na damu isiyokatika? Jibu likiwa ndiyo, mtoto apimwe damu hospitali kwanza. Sunna haipotei kwa kusubiri.

Mwenyezi Mungu amrehemu Az-Zahrawi.