Fundi Konde, aliyeiaga Majengo kwa santuri

ANAYETAKA kukusanya nyumbani kwake nyimbo za asili za dansi la Kenya hana budi kuanza na Fundi Konde. Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, sauti yake ilivuma kutoka kwenye gramafoni za kukoroga kwa mkono miaka mingi kabla ya Fadhili William na Daudi Kabaka kupata umaarufu.

Konde, Mgiriama, alizaliwa mwaka wa 1924 katika kijiji cha Mwabayanyundo, Kilifi. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto alijiunga na kikosi cha burudani cha KAR, akawatumbuiza askari Waafrika waliopelekwa India na Burma. Bunduki ilikuwa ya wengine. Yeye alipewa gitaa. Vita vilipokwisha, wengi wa waliorejea walitafuta riziki Nairobi, na soko la Burma, karibu na mtaa wa Kaloleni, lingali linabeba jina la uwanja ule wa vita.

Tangu mwaka wa 1947 Konde alianza kurekodi. Sahani za wakati huo zilizunguka mara 78 kwa dakika na upande mmoja ulitosha takriban dakika tatu tu. Kwa hiyo mtunzi hakuwa na nafasi ya kuzungukazunguka: ilimbidi aingie, aseme lake, apige gitaa kidogo, kisha atoke. Nidhamu hiyo ndiyo inayofanya nyimbo kama Tausi na Mama Sowera zisichoshe hata leo. Mapigo yake yalikuwa na ladha ya rumba, kwani santuri za Kuba zilikuwa zikiuzwa Afrika na kampuni ya HMV tangu 1933. Anatajwa pia miongoni mwa Wakenya wa kwanza kulipiga gitaa la umeme. Isitoshe, alifanya kazi ya fundi mitambo wa kurekodi, akawa upande wa pili wa kioo, akizinasa sauti za wenzake. Ni wanamuziki wachache wa zama zile waliozijua pande zote mbili.

Wimbo wake unaowagusa zaidi watu wa Eastlands ni Majengo Siendi Tena. Majengo ni kitovu cha Pumwani, mtaa ambao serikali ya kikoloni iliwatengea Waafrika mapema katika miaka ya 1920. Huko mgeni alipata chumba cha kupanga, mara nyingi kwa mwanamke mwenye nyumba yake mwenyewe. Alipata pombe, marafiki na mapenzi, na mshahara wa mwezi ungeweza kuyeyuka kwa usiku mmoja. Jina la wimbo ni kiapo cha kutorudi. Kama kiapo hicho kilitimizwa na wangapi miongoni mwa waliokicheza dansi, hilo ni jambo jingine. Historia ya mji huo imeandikwa zaidi na maofisa waliouona mtaa kutoka nje. Konde aliueleza kwa lugha ya waliolala humo.

Santuri zenyewe zina udhaifu mkubwa. Zilitengenezwa kwa utomvu mgumu usiopinda, na sindano za chuma zilizila kila zilipopigwa. Anayebahatika kupata moja asiiweke kwenye mashine yenye sindano ya LP: mifereji ya sahani za 78 ni mipana zaidi, na sindano hiyo nyembamba huzama chini na kuokota mikwaruzo badala ya wimbo.

Ndiyo maana diski ya CD iliyotolewa katika miaka ya 1990, ikikusanya kazi zake za 1947 hadi 1956, ni mali ya thamani. Konde mwenyewe aliiwahi, kwani alifariki Juni 2000, akiwa na umri wa miaka 75. Sahani za awali haziongezeki tena, na moja ikiponyoka mkononi juu ya sakafu ya saruji, haiungiki.