Joginder Singh: Fundi aliyeibuka bingwa wa Safari kwa gari kuukuu

KABLA ya kuitwa Simba wa Kenya, na kabla ya magazeti ya ng'ambo kumpa lakabu ya Kalasinga Anayepaa, Joginder Singh alikuwa fundi wa magari. Mikono iliyokuja kushika usukani mbele ya maelfu ya mashabiki ilikuwa imezoea kwanza spana, bisibisi na grisi.

Jambo hilo si dogo. Mabingwa wengi wa mbio za magari hukabidhiwa chombo kilichokwisha kutayarishwa na kiwanda, kazi yao ikawa kuketi na kukanyaga mafuta. Joginder alipata ushindi wake wa kwanza wa Safari, mwaka wa 1965, kwa gari kuukuu ambalo kiwanda kilikuwa kimemaliza kulitumia. Ndiyo sababu maisha yake hayawahusu mashabiki wa mbio pekee. Yanamhusu pia kila mtu anayetunza gari la zamani nyuma ya nyumba yake, na kila fundi wa jua kali wa Kambi Muru mtaani Kibera, au wa Kawangware, anayeletewa gari ambalo wengine wameshalikatia tamaa.

Mwana wa Kericho

Joginder alizaliwa Februari 9, 1932 mjini Kericho, katika nyanda za majani chai. Babake, Sardar Battan Singh, alikuwa amehamia Afrika Mashariki kutoka Punjab, na Joginder alikuwa kifungua mimba wa familia kubwa.

Masingasinga hawakuwa wageni nchini wakati huo. Wengi walikuwa wamefika tangu ujenzi wa reli ya kutoka Mombasa hadi ziwani, kati ya 1896 na 1901, wakiwa maseremala, wahunzi, waashi na makanika. Reli ilipokamilika, baadhi yao walirudi makwao na wengine wakabaki, wakafungua karakana katika miji iliyochipuka kando ya njia hiyo. Inasimuliwa kwamba neno Kalasinga lenyewe lilitokana na jina la mfanyabiashara mmoja wa awali, Kala Singh. Baada ya muda, vinywani mwa Wakenya, kumtaja Kalasinga kukawa karibu sawa na kumtaja fundi.

Hata hivyo, Kenya alimokulia Joginder ilikuwa nchi ya matabaka. Mzungu alikuwa juu, Mhindi katikati na Mwafrika chini. Shule zilitengwa, hospitali zilitengwa, mitaa ya kuishi ikatengwa. Singasinga aliruhusiwa kulitengeneza gari la mlowezi, lakini vilabu, vikombe na sifa za michezo ya magari vilikuwa vya mlowezi.

Katika mazingira hayo kijana huyo alijifunza ufundi. Mnamo 1958, akiwa na umri wa miaka 26, aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kuwa askari doria wa barabarani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka katika barabara kuu akiwaokoa madereva walioharibikiwa na magari.

Kwa fundi, kazi hiyo ilikuwa chuo kikuu. Anayefanya kazi ndani ya karakana ana taa, ana meza, na ana duka la vipuri hapo jirani. Anayefanya kazi kando ya barabara ana kisanduku cha vifaa tu na masikio yake. Hulazimika kutambua kwa mlio kama tatizo ni plagi, ni mafuta yasiyofika kwenye kabureta, au ni waya uliolegea, kisha atafute njia ya kulifanya gari lifike mjini kabla ya giza kuingia. Huko ndiko Joginder alikopata elimu ambayo baadaye iliwashinda wenye fedha na majina makubwa.

Mtihani wa chuma

Mwaka uliofuata, 1959, alijitosa katika Safari kwa mara ya kwanza. Mashindano hayo yalikuwa yameanzishwa mnamo 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalifanyika wakati wa Pasaka, majira ambayo mvua za masika huanza kugeuza barabara za udongo kuwa uji.

Tofauti na mbio nyingine nyingi, barabara za Safari hazikufungwa. Washindani walipishana na malori, mabasi, ng'ombe na wanyamapori, kwa umbali wa takriban kilomita 5,000, na waliadhibiwa kwa kila dakika ya kuchelewa. Ulikuwa mtihani wa dereva, lakini ulikuwa zaidi mtihani wa gari na wa aliyelitayarisha.

Ugumu mmoja haukuonekana kwa macho. Njia ilishuka hadi pwani usawa wa bahari, kisha ikapanda nyanda za juu zinazopita mita 2,500. Kadiri gari linavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito, na kabureta iliyopimwa Mombasa humwaga mafuta mengi mno kwa hewa iliyopo milimani. Injini hukohoa, hutoa moshi mweusi na kupoteza nguvu. Fundi asiyejua kuirekebisha kabureta kulingana na mwinuko aliweza kushindwa hata bila kukutana na tope.

Kisha kulikuwa na vumbi lililopenya kila tundu, maji ya mito yaliyozima moto wa plagi, na mashimo yaliyovunja springi na kupasua sehemu ya chini ya injini. Mnamo 1963, magari 84 yaliondoka na 7 pekee ndiyo yaliyofika mwisho. Mengi hayakushindwa kwa kukosa kasi. Yalishindwa kwa sababu ya nati iliyolegea, bomba lililotoboka au waya ulioingia maji.

Volvo ya mwaka wa 1965

Gari lililomwingiza Joginder katika historia lilikuwa Volvo PV544, lenye mgongo wa mviringo na umbo ambalo hata wakati huo lilionekana la kizamani. Aina hiyo ilikuwa ikitengenezwa tangu 1958, na mwaka huohuo wa 1965 kiwanda kiliacha kuitengeneza. Isitoshe, gari lenyewe halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kutumiwa mashindanoni na dereva wa kiwanda, Tom Trana wa Uswidi.

Kwa jicho la mnunuzi wa kawaida, hilo lilikuwa gari lililochakaa. Kwa jicho la fundi, lilikuwa gari ambalo udhaifu wake umeshajulikana. Gari jipya huficha kasoro zake hadi siku ya mtihani. Gari lililokwisha kupigwa na barabara huonyesha mahali linapochoka, na mwenye subira huweza kupaimarisha. Injini yake ya lita 1.8 haikuwa na kitu cha siri. Kila kipande kiliweza kufunguliwa, kusafishwa, kupimwa na kurudishwa kwa vifaa vya kawaida.

Akiwa na mdogo wake, Jaswant Singh, kama mwelekezi, Joginder aliondoka Nairobi bila msafara wa kiwanda nyuma yake. Waliporejea, walikuwa wamewaacha wapinzani wao kwa zaidi ya saa nzima. Alikuwa dereva wa kwanza mwenye asili ya Kiasia kutwaa Safari.

Uzito wa tukio hilo ulipita mipaka ya michezo. Kenya ilikuwa imepata uhuru Desemba 12, 1963, na ilikuwa bado ikijiuliza ni nani Mkenya. Mwana wa fundi aliyezaliwa Kericho, akiwa na kilemba chake, aliwashinda walowezi na wageni katika mchezo walioudhania kuwa wao. Mashabiki Waafrika waliojipanga kando ya barabara walimshangilia kama mmoja wao, na jina la Simba likamwandama tangu hapo.

Shangwe na mashaka

Shangwe za barabarani, hata hivyo, hazikumaliza mashaka ya jamii yake. Mnamo 1967, Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara ambazo ziliwabana Waasia wasiokuwa na uraia. Mwaka wa 1968, Uingereza nayo ikafunga mlango kwa wengi waliokuwa na pasipoti zake. Maelfu walifunga virago kwa haraka, na karakana nyingi zikabadilisha wenyewe.

Kuondoka huko kuliacha alama katika ufundi wa Nairobi. Vijana wengi wa Kiafrika walikuwa wamejifunza kazi katika gereji za Wahindi, mara nyingi kwa ujira mdogo na kwa kuangalia tu, kwani si kila tajiri alikuwa tayari kufundisha siri zake. Baadhi yao walipoanza kujitegemea, hawakuwa na majengo wala mitaji. Walifanya kazi chini ya miti na kando ya barabara, juani, na hapo ndipo ulipokua ufundi ambao Wakenya wanauita jua kali.

Joginder aliendelea kushindana akiwa dereva wa Kenya. Kombe lilimponyoka mwaka baada ya mwaka, huku viwanda vya Ulaya na Japani vikimimina fedha katika Safari na kuigeuza kuwa uwanja wa kutangaza bidhaa zao. Mwaka wa 1973, mashindano hayo yakaingizwa katika ubingwa wa dunia, na wengi wangeweza kudhani kwamba zama za dereva fundi zimekwisha.

Mnamo 1974 aliwaonyesha kwamba walikuwa wamekosea. Akiendesha Mitsubishi Lancer 1600 GSR na kuelekezwa na David Doig, alishinda katika Safari iliyojaa mvua na tope, huku Bjorn Waldegard wa Uswidi akimaliza wa pili kwa Porsche iliyokuwa na nguvu zaidi. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika ubingwa wa dunia. Mwaka wa 1976, Joginder na Doig walirudia, na magari ya Mitsubishi yakanyakua nafasi zote tatu za kwanza. Akiwa na umri wa miaka 44, akawa dereva wa kwanza kushinda Safari mara tatu.

Mara 19 kati ya 22

Ushindi huo wa mara tatu ndio unaokumbukwa zaidi. Lakini hesabu inayomweleza Joginder kikamilifu ni nyingine. Kati ya 1959 na 1980 alishiriki Safari mara 22, na alifika mwisho mara 19. Katika mashindano ambayo mwaka mmoja yaliweza kuyameza magari 77 kati ya 84, hesabu hiyo inakaribia muujiza.

Haikuwa muujiza. Ilikuwa tabia ya mtu aliyejua bei ya kila kishindo. Dereva asiyewahi kubadilisha springi huliparamia shimo. Aliyewahi kuibadilisha usiku, mvuani, hulikwepa au hupunguza mwendo. Joginder aliliendesha gari akijua kinachotendeka chini ya sakafu yake, na alijua ni wakati gani wa kulihimiza na ni wakati gani wa kulihurumia.

Alifariki London Oktoba 20, 2013, akiwa na umri wa miaka 81.

Magari ya zama zake hayajatoweka. Tangu 2003 kumekuwa na Safari ya magari ya kale, iliyoanzishwa kuadhimisha miaka 50 ya mashindano yale ya kwanza. Katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, si mbali na Kibera, wenye magari ya zamani huyaleta mbele ya waamuzi katika maonyesho ya umaridadi, na waamuzi hao huchungulia hadi uvunguni kutafuta kutu na oili inayovuja. Safari yenyewe ilirejea katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, ikiwa na magari yanayohitaji kompyuta ili kujua yanaumwa wapi.

Nyuma ya maonyesho hayo kuna kazi isiyo na shangwe. Kuna mtu anayetumia Jumamosi yake kukwangua kutu kwenye mlango wa Peugeot 404, au kusafisha kabureta ya Datsun kwa mswaki na petroli. Kuna fundi wa Kambi Muru anayechonga kwa tupa kipuri ambacho hakitengenezwi tena popote, kwa malipo ambayo hayalingani na ujuzi wake. Hatapigiwa mbiu wala hatavishwa shada.

Fundi kama huyo ndiye aliyekuwa Joginder Singh kabla ya dunia kumjua, na ndiye aliyebaki kuwa hata baada ya kujulikana. Volvo aliyoipeleka Safari mwaka wa 1965 ilikuwa imeshahesabiwa kuwa imemaliza kazi yake. Iliwatangulia wote mwishoni kwa sababu mwenyewe alikuwa tayari kuifungua, kuichunguza na kuifunga upya, nati moja baada ya nyingine.