Charlotte Mason: Mwalimu aliyewafunza watoto historia ya enzi mbili kwa mpigo

MSHIKA mawili moja humponyoka, wasema wahenga. Methali hiyo huwajia akilini wazazi wengi wanaowafundisha watoto wao nyumbani pindi wanapofika kwenye somo la historia. Je, mtoto wa miaka kumi aweza kusoma habari za wafalme wa nchi yake leo, kesho akageukia Misri ya kale au Roma, bila ya mambo kumchanganyikia? Mwanamke mmoja wa Uingereza aliamini kwamba aweza, na alitumia miaka zaidi ya 30 kuwaonyesha wazazi njia ya kulifanya hilo. Jina lake lilikuwa Charlotte Mason.

Mason alizaliwa Januari 1, 1842 mjini Bangor, Wales. Baba yake alikuwa mfanyabiashara. Ujana wake ulianza kwa msiba, kwani mama yake alifariki mnamo 1858 na baba akafuata mwaka wa 1859. Akiwa na umri wa miaka 17, binti huyo alikuwa yatima asiyekuwa na budi ila kujitafutia riziki. Mlango uliokuwa wazi kwa msichana wa hali yake ulikuwa ualimu.

Mnamo 1860 alijiunga na chuo cha walimu cha Home and Colonial jijini London. Kabla ya kutimiza miaka 20 alikwisha kukabidhiwa shule mjini Worthing, kusini mwa Uingereza, na huko akafundisha kwa zaidi ya mwongo mmoja. Kuanzia 1874 hadi 1878 alikuwa mhadhiri wa Chuo cha Bishop Otter mjini Chichester, kilichowaandaa wanawake kuwa walimu. Afya yake ilikuwa dhaifu tangu ujanani, na mara kadhaa ililazimu apumzike kwa muda mrefu. Hakuolewa wala hakujaliwa mtoto. Hata hivyo, ni yeye aliyekuja kuwa mshauri wa maelfu ya akina mama.

Mwaka wa 1880 alihamia Bradford, mji wa viwanda vya nguo kaskazini mwa nchi. Huko alitoa mihadhara kuhusu malezi, ambayo ilichapishwa mnamo 1886 katika kitabu chake Home Education. Mwaka uliofuata, akishirikiana na Emeline Steinthal na marafiki wengine, alianzisha chama cha wazazi kilichokuja kujulikana kwa ufupi kama PNEU. Jarida la chama hicho, Parents' Review, lilianza kuchapishwa 1890.

Kitabu hicho kilipata wasomaji kwa sababu kiligusa tatizo halisi. Katika familia za tabaka la kati, watoto wadogo, na hasa wasichana, walifundishwa nyumbani na mama au na mwalimu wa kike aliyeajiriwa kuishi nao. Wengi wa walimu hao hawakuwa wamepata mafunzo yoyote. Historia ilifundishwa kwa vijitabu vya maswali na majibu: mfalme fulani alitawazwa lini, vita fulani vilipiganwa wapi, nani alimrithi nani. Mtoto alikariri orodha hiyo, akaitapika siku ya mtihani, kisha akaisahau.

Mason aliuona mtindo huo kuwa sawa na kumlisha mtoto makapi. Aliwashauri wazazi wasiwapitishe watoto wadogo mbio mbio katika karne zote. Heri mtoto akae kwa muda mrefu na mtu mmoja au na kipindi kimoja, mathalani enzi ya Mfalme Alfred, mpaka azijue fikra na desturi za watu wa wakati ule kana kwamba aliishi miongoni mwao. Vitabu viwe vyenye uhai, vilivyoandikwa na watu walioipenda taaluma yao. Mtoto asomewe sehemu mara moja tu, kisha aisimulie kwa maneno yake mwenyewe.

Hapa ndipo panapozuka swali. Ikiwa mtoto anapaswa kutulia katika enzi moja, mbona ratiba za Mason zenyewe zilimpa mbili na zaidi?

Jibu liko Ambleside, mji mdogo kwenye eneo la maziwa la kaskazini, ambako Mason alihamia 1891. Mwaka huo huo alianzisha shule ya aina yake isiyokuwa na madarasa. Familia iliyojiandikisha ilipokea kila muhula ratiba ya masomo pamoja na orodha ya vitabu na kurasa za kusomwa. Mwisho wa muhula maswali ya mtihani yalitumwa, na majibu ya watoto yakarejeshwa Ambleside kwa posta. Mnamo Januari 1892 alifungua pia chuo cha kuwaandaa wanawake wa kufundisha katika nyumba hizo.

Katika ratiba hizo, mtoto mdogo alianza na historia ya Uingereza pekee. Alipofika umri wa takriban miaka tisa, aliongezewa historia ya Ufaransa ya kipindi kile kile alichokuwa akikisoma cha Uingereza. Kando ya hayo, alianza kusoma habari za ulimwengu wa kale, akitumia kitabu kilichoeleza vitu vilivyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la British Museum. Maisha ya mashujaa wa Ugiriki na Roma yalisomwa kutoka kwa Plutarch. Baadaye ziliongezwa historia ya India na ile ya Ulaya kwa jumla.

Sababu yake ya kuzipanga enzi na nchi sambamba haikuwa kuwajaza watoto maarifa mengi. Alihofia kiburi. Mtoto anayesoma historia ya nchi yake peke yake, alionya, hukua akidhani kwamba nchi hiyo ndiyo kipimo cha ulimwengu. Akimwona jirani aliyekuwa na wafalme, vita na machozi yake katika miaka ile ile, hujifunza unyenyekevu. Na akitazama kazi za mikono za watu walioishi maelfu ya miaka kabla yake, hutambua kwamba werevu haukuanza na kizazi chake.

Ili mambo yasichanganyike, Mason alitumia hatua chache nyepesi. Kwanza, kila historia ilikuwa na kitabu chake na kipindi chake katika juma. Pili, masomo yalikuwa mafupi: dakika 20 hivi au pungufu kwa wadogo, zikiongezeka hadi 45 kwa wakubwa. Yalifanywa asubuhi, na alasiri ikaachiwa matembezi na michezo. Tatu, kila somo lilifungwa kwa masimulizi ya mtoto mwenyewe. Kilichosimuliwa vyema hakipotei upesi.

Nne, palikuwa na daftari lililoitwa Kitabu cha Karne. Kila karne ilipewa kurasa mbili zinazotazamana. Upande mmoja mtoto aliandika matukio na majina makuu, na upande wa pili akachora vyombo, silaha au mavazi ya wakati huo. Aliposoma habari za Misri Jumatatu na za Uingereza Alhamisi, alifungua daftari lile lile, ila kurasa zilikuwa mbali. Umbali wa miaka aliuona kwa macho kadiri alivyopekua karatasi.

Si wote waliokubaliana na mkondo huo. Wafuasi wa mwanafalsafa Mjerumani Herbart walipendelea masomo yote yazungushwe kwenye mada moja, kama vile hadithi ya Robinson Crusoe. Mason aliupinga mtindo huo. Kwake, mwalimu anayewaunganishia watoto kila kitu huwanyang'anya kazi iliyo yao. Mtoto aachwe agundue mwenyewe kwamba jambo alilolisoma huku linafanana na lile la kule.

Ratiba zake zilikuwa na upungufu pia. Nguzo yake ilikuwa Uingereza, na India ilitazamwa kwa jicho la mtawala. Familia za Waingereza walioishi makoloni zilipokea masomo yayo hayo, na watoto wao waliweza kuzijua enzi za mbali huku historia ya watu waliowazunguka ikibaki gizani. Kwa kipimo cha Mason mwenyewe, hilo lilikuwa pengo kubwa.

Hata hivyo, hakutaka elimu yake iwe ya matajiri. Mnamo 1914 ratiba zake zilianza kutumiwa katika shule ya umma ya Drighlington, kijiji cha wachimba migodi huko Yorkshire. Watoto waliodhaniwa hawawezi kusoma vitabu vizito walivisoma na kuvisimulia. Baadaye shule nyingi za eneo la Gloucestershire zilifuata mfano huo.

Charlotte Mason alifariki Ambleside Januari 16, 1923, akiwa na umri wa miaka 81, na akazikwa huko huko. Kitabu chake cha mwisho kilichapishwa baada ya kifo chake. Kwa miongo kadhaa jina lake lilififia, hadi mwandishi Susan Schaeffer Macaulay alipolifufua kwa kitabu chake cha 1984. Tangu hapo limeenea upya, hasa miongoni mwa familia za Marekani zinazofundisha watoto nyumbani, ambako mjadala kuhusu enzi moja au mbili bado unaendelea.

Kwa mzazi anayesitasita, maisha ya Mason yanatoa funzo moja. Wa kuogopewa si wingi wa enzi, bali pupa ya mwalimu. Mtoto anayepewa kidogo kidogo, akapewa nafasi ya kusimulia na mahali pa kuandika, aweza kushika mawili na asiponyokwe na lolote.