Mzee Jomo Kenyatta: Mwanafunzi wa Herufi

Hayati Mzee Jomo Kenyatta anafahamika zaidi kama mwanasiasa. Wasifu wake huanzia kwenye kesi ya Kapenguria na kuishia Ikulu, na msomaji huachwa na picha ya mzee mwenye mgwisho na kofia ya shanga. Katika idara za lugha, ambako ndiko ingetarajiwa habari hiyo ijulikane, ni nadra kusikia kwamba mtu huyu alijifunza kusoma akiwa kijana na akapata riziki yake ya kwanza ya maana kwa kalamu. Nadra zaidi ni kusikia kwamba alipokuwa London sauti yake mwenyewe iligeuzwa kuwa data ya utafiti wa isimu.

Alizaliwa katika eneo la Gatundu katika miaka ya 1890 (mwaka wenyewe haukuandikwa, kwa kuwa jamii yake haikuweka kumbukumbu kwa maandishi) na akaitwa Kamau wa Ngengi. Katika utoto wake alikaa kwa muda na babu yake, Kung'u wa Magana, aliyekuwa mganga huko Muthiga, magharibi mwa Nairobi. Hapo karibu palikuwa na misheni ya Kanisa la Scotland, mahali ambapo wenyeji walipaita Thogoto kwa kulitamka jina la Waskoti hao kwa ulimi wao. Mnamo Novemba 1909 kijana Kamau alijipeleka mwenyewe huko na kuomba kusoma.

Hali aliyoikuta Thogoto yafaa kuelezwa kwa urefu kidogo, hasa kwa kuwa bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako walimu wengi wa Kiswahili wamefundishwa, liko jirani. Wanafunzi waliishi bwenini. Walijifunza hadithi za Biblia, kusoma na kuandika, na baadaye useremala. Kati ya vipindi walipalilia bustani na kuosha vyombo. Walioingia katika maisha hayo waliitwa athomi, yaani wasomaji. Kitenzi kilichozaa jina hilo, gũthoma, kimetokana na kusoma ya Kiswahili, na neno lilivuka kutoka pwani likiwa limebeba maana mbili kwa pamoja: kusoma kitabu na kuingia dini. Uganda nako waumini wa mwanzo waliitwa wasomaji. Kwa kijana wa wakati huo, basi, kujifunza herufi hakukuwa kuongeza ujuzi tu. Kulikuwa kuhama kutoka kundi moja la watu hadi jingine, na mara nyingi jamaa wa nyumbani walilitazama jambo hilo kama hasara.

Kamau alijaribu kuwa pande zote mbili. Alitahiriwa kwa desturi ya kwao mwaka 1913, na mwaka uliofuata akabatizwa. Inasimuliwa kwamba alitaka kuitwa John Peter, akaambiwa achague jina moja, naye akaliunganisha la Yohana na jiwe la Petro akawa Johnstone. Kijana aliyekuwa na miaka michache tu ya shule alikuwa tayari amejua kucheza na maana za maneno katika lugha ya kigeni.

Baada ya Thogoto alifanya kazi hapa na pale, Thika na Narok, kisha akarudi Nairobi ambako alisoma masomo ya jioni. Mwaka 1922 aliajiriwa na Baraza la Manispaa la Nairobi katika idara ya maji, akiwa karani wa ghala na msomaji wa mita. Mshahara wake ulikuwa shilingi 250 kwa mwezi, kiasi ambacho Waafrika wachache sana walikipata. Huko Dagoretti alijenga nyumba na kufungua duka aliloliita Kinyata Stores, ambalo lilikuwa baraza la mazungumzo kuliko mahali pa biashara. Mtu aliyeweza kuisoma mita na kuandika tarakimu zake katika daftari la Manispaa aliweza pia kuandika barua kwa Gavana, na hilo ndilo Chama cha Kikuyu Central Association kililomtakia. Alikisaidia kuandika na kutafsiri barua zake, na mwaka 1928 akaacha kazi ya maji akawa katibu mkuu.

Mwezi Mei mwaka huohuo lilitoka gazeti la Muigwithania, yeye akiwa mhariri. Lilikuwa gazeti la kwanza la Gikuyu kuhaririwa na Waafrika wenyewe. Ni mwaka uleule ambao mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mombasa walioamua lugha iandikwe vipi walikuwa hasa maafisa wa elimu na wamisionari. Nairobi karani mmoja na wenzake walikuwa wakiamua jambo hilo kwa vitendo, toleo baada ya toleo, huku serikali ikilitafsiri gazeti lao ili ijue linasema nini. Humo mlikuwa na methali, nasaha za kilimo, na wito kwa watu wawapeleke watoto shule.

Ugumu wa kuiandika Gikuyu haukuwa mdogo. Kiswahili kina irabu tano, na herufi tano za Kirumi zinazitosha. Gikuyu ina irabu saba, tena ni lugha ya toni. Jina lenyewe la lugha, likiandikwa Gĩkũyũ, lina irabu tatu ambazo mzungumzaji wa Kiswahili huzisikia kama zipo katikati ya i na e, au u na o. Mtoto akifundishwa kwa herufi tano atakuta neno moja la maandishi likisimamia maneno mawili ya mdomoni, na itambidi akisie. Misheni za Kiprotestanti na za Kikatoliki hazikukubaliana namna ya kuandika irabu hizo. Nayo taasisi ya lugha na tamaduni za Kiafrika iliyoanzishwa London mwaka 1926 ilikuja na herufi zake mpya. Mwanafunzi aliyehama shule aliweza kuhama tahajia pia.

Kenyatta alikwenda London mara ya kwanza mwaka 1929, akarudi, kisha akaenda tena mwaka 1931 na kukaa miaka 15. Kati ya mwaka 1935 na 1937 aliajiriwa na Idara ya Fonetiki ya University College London kuwa mtoa data wa Bi. Lilias Armstrong. Kazi yake ilikuwa kutamka maneno ya lugha yake tena na tena, mtafiti akisikiliza na kuandika toni na irabu. Armstrong alifariki mwaka 1937, na kitabu chake kuhusu fonetiki na toni za Gikuyu kikachapishwa mwaka 1940, kikiwa na kiambatisho cha mapendekezo ya tahajia. Jina la jaladani lilikuwa la Armstrong peke yake. Kenyatta aliona kwamba naye alistahili kutajwa kuwa mwandishi mwenza. Madai hayo hayawezi kupuuzwa na mwanafunzi yeyote aliyewahi kwenda nyanjani na daftari, kwani tafiti nyingi za lugha zetu zimeandikwa vivyo hivyo.

Wakati huohuo alikuwa akihudhuria semina za Bronisław Malinowski katika London School of Economics, na huko hakuwa tena mtafitiwa. Kitabu chake, Facing Mount Kenya, kilitoka mwaka 1938. Sura ya elimu ndiyo yenye uzito zaidi kwa mwalimu. Anaeleza kwamba mtoto wa Kigikuyu huanza kufundishwa na bembelezi za mama, ambazo hubeba historia ya ukoo, na kwamba mtoto anapoanza kusema huwa amekwisha kuhifadhi mengi kwa sikio. Michezo, vitendawili na kazi za nyumbani huendeleza somo hilo, kila jambo likifundishwa pale linapotumika. Mtu anaweza kumlaumu kwa kuipamba jamii yake, na lawama hiyo ina haki. Hata hivyo, hoja yake kwamba mtoto huja shuleni akiwa na lugha iliyokwisha kumfundisha ilikuwa nzito, na shule nyingi za wakoloni hazikuijali.

Alirejea Kenya mwaka 1946 na kukiongoza chuo cha ualimu cha Githunguri kilichoanzishwa na Mbiyu Koinange. Serikali ilikifunga mwaka 1952, mwaka aliokamatwa.

Madaraka yalipomjia, mambo hayakufuata kitabu chake. Tangu mwaka 1957 shule kadhaa za Nairobi zilikuwa zimejaribu kufundisha kwa Kiingereza kuanzia darasa la kwanza, na serikali huru iliueneza mpango huo badala ya kuuzima. Mwandishi wa sura ile ya elimu alikuwa Rais. Alilofanya kwa nguvu ni kufungua milango: kuanzia Januari 1974 karo ya darasa la kwanza hadi la nne ilifutwa. Watoto wa darasa la kwanza, waliokuwa chini ya laki nne mwaka uliotangulia, walikaribia milioni moja. Walimu na madawati hayakutosha, shule zikaanza kutoza michango ya ujenzi, na wengi wa watoto hao wakaacha shule kabla ya kumaliza.

Mwezi Julai mwaka huohuo aliamuru Bunge litumie Kiswahili. Yeye mwenyewe alikimudu jukwaani. Katika sikukuu za taifa alizoea kusoma hotuba rasmi ya Kiingereza, kisha kuiweka kando na kusema na wananchi kwa Kiswahili bila karatasi, na hapo ndipo uwanja ulipochangamka. Lakini miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na mtoto wa darasa la kwanza la mwaka 1974 aliweza kumaliza shule ya msingi bila kutahiniwa katika lugha ambayo mbunge wake alitakiwa kuizungumza.

Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978 na akazikwa katikati ya jiji la Nairobi, katika uwanja wa Bunge. Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985.