Aggrey na Madai ya Akili ya Kuzaliwa

Wako watu ambao maisha yao peke yake yatosha kuufichua uongo. Mmoja wao ni marehemu Dk. James Kwegyir Aggrey, aliyezaliwa mwaka 1875 huko Anomabu, katika nchi ambayo leo ni Ghana.

Mwaka 1898 alikwenda Marekani kusoma katika Chuo cha Livingstone, North Carolina. Alihitimu mwaka 1902 kwa sifa kubwa, akafundisha hapo kwa karibu miaka 20.

Miaka hiyo wataalamu wengi wa Marekani walidai kwamba akili hurithiwa, na kwamba mtu mweusi alirithi haba. Walitegemea mitihani waliyopewa askari mwaka 1917 na 1918. Lakini mitihani hiyo hiyo ilionyesha kuwa weusi wa baadhi ya majimbo ya kaskazini, penye shule bora, waliwapita weupe wa baadhi ya majimbo ya kusini.

Mwaka 1924 Aggrey alifika Afrika Mashariki, Tanganyika ikiwemo, pamoja na Tume ya Phelps-Stokes iliyochunguza elimu. Yeye ndiye aliyekuwa Mwafrika pekee katika Tume hiyo. Wako waliomwona mpole mno mbele ya mkoloni. Hata hivyo hakuacha kudai elimu kwa Mwafrika, mwanamume na mwanamke. Alifariki New York mwaka 1927, miezi michache baada ya kufunguliwa Chuo cha Achimota alichosaidia kukianzisha.

Uongo ule haukuzikwa pamoja naye. Mwaka 1934 Dk. F. W. Vint wa Nairobi alichapisha vipimo vya bongo za Waafrika, akidai kuwa ni duni kuliko za Wazungu. Sayansi imekwisha kuyatupa madai hayo.

Mkulima wa Kwakoa hahitaji darubini kuelewa kosa lao. Mbegu za debe moja zikipandwa nusu Usangi mlimani na nusu Kwakoa tambarare penye ukame, mavuno hayatalingana. Ndani ya shamba moja, mche waweza kuupita mwenziwe kwa ubora wa mbegu. Lakini tofauti ya shamba na shamba ni mvua na udongo.

Basi, ndugu wafanyakazi, mtoto akishindwa darasani tusiulize kabila lake. Tuulize kama amekula, kama ana kitabu, na kama ana mwalimu. Hayo yamo mikononi mwetu.