Mumia, Mwenyeji wa Kila Mgeni

Ukilitaja jina la Mumias hapa mwambao, wengi watakumbuka miwa na mifuko ya sukari. Si watu wengi wajuao kwamba Mumias ni jina la mtu, na kwamba ile herufi ya mwisho iliongezwa na Waingereza, kwa kuwa ndivyo lugha yao isemavyo mahali pa fulani. Wazee wetu waliokwenda huko na misafara ya pembe walisema Kwa Mumia, na kabla yake walisema Kwa Sundu, yaani kwa Shiundu, baba yake Mumia. Kwa hiyo watu wa pwani walilijua boma hilo kabla Mzungu yeyote hajalitia katika ramani yake.

Mimi nilianza kumfikiria Mumia nikiwa Funyula, mji mdogo wa Wasamia ulio magharibi ya Mumias, karibu na ziwa na mpaka wa Uganda. Shughuli zangu zimenipeleka huko mara nyingi. Mpaka umewakata Wasamia vipande viwili, ndugu mmoja Kenya na mwingine Uganda, na kila siku kuna mtu anayevuka: mchuuzi wa samaki, mwanamke aliyeolewa ng'ambo, kijana atafutaye kazi. Nikaona kwamba mgeni wa namna hiyo, asiye na jamaa, mara nyingi hupata watu wake wa kwanza kanisani. Jumapili wageni huombwa wasimame, waseme majina yao na watokako, na baada ya ibada kuna mtu wa kumwuliza analala wapi. Sisi Waislamu tuna adabu zetu za kumpokea mgeni, nasi hatuna haja ya kufundishwa na mtu. Lakini nilijiuliza: makanisa haya yalipataje kukita mizizi namna hii katika nchi ambayo watu wetu waliitangulia? Jawabu nililipata katika maisha ya Mumia.

Wawanga ni katika makabila ya Waluhya, na tofauti na jirani zao wengi walikuwa na mfalme, ambaye cheo chake ni Nabongo. Mumia alikikalia kiti hicho yapata mwaka 1882, baada ya kufa Shiundu. Aliurithi ufalme usio mkubwa, wenye maadui pande zote: Wajaluo wa Ugenya kusini, Wabukusu kaskazini. Alirithi pia wageni. Wafanya biashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuzoea kupumzika hapo, kwa sababu chakula kilikuwa kingi na rahisi, na mwendo wa kutoka Mombasa kupita nchi ya Wamasai ulikuwa mrefu na wa hatari. Walileta nguo, ushanga na bunduki, wakachukua pembe. Wengine walichukua na watu. Tusilifiche jambo hili: baadhi ya misafara ile iliwashambulia Wabukusu na majirani wengine kwa ukatili, na vijukuu vya walioshambuliwa hawajasahau.

Mumia alifahamu mapema kwamba mfalme mdogo mwenye maadui wengi hana silaha bora kuliko wageni wenye nguvu. Ukarimu wake ulikuwa wa kweli, na hapo hapo ulikuwa na hesabu ndani yake. Katika mwisho wa mwaka 1883 alimpokea Joseph Thomson, Mskochi aliyekuwa akiitafuta njia ya Umasaini kwenda ziwani. Thomson alipita salama, na habari zake ziliwafanya wengine waitamani njia ile.

Miongoni mwao alikuwa Askofu James Hannington. Huyu aliondoka Rabai mwezi wa Julai 1885 na watu wapatao 200, wengi wao wapagazi wa kwetu, akienda Buganda. Pamoja naye alikuwa kasisi mmoja tu, William Jones, ambaye kwa kuzaliwa alikuwa Myao. Jones aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa baharini na kulelewa na wamisheni nchini India, kisha akaletwa kufanya kazi Rabai. Mwaka ule ule wa 1885 Hannington alimtawaza kuwa shemasi katika Freretown. Wakafika kwa Mumia mwezi wa Oktoba wamechoka sana. Askofu hakutaka kungoja. Alichukua watu 50 akaelekea magharibi, upande wa nchi hizi za mpakani, akamwacha Jones na msafara uliosalia chini ya ulinzi wa Mumia.

Hannington hakurudi. Alikamatwa Busoga na kuuawa tarehe 29 Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, ambaye aliogopa wageni wanaotokea mashariki. Karibu wenziwe wote waliuawa pamoja naye, na wachache mno walioponyoka ndio waliorudi na habari. Fikiria, ndugu msomaji, hali ya Mumia wakati huo. Jirani yake mwenye nguvu kuliko wote katika pande zile amemwua mgeni, na sehemu iliyosalia ya msafara, zaidi ya watu mia moja, imo bomani mwake. Angaliweza kuwapora. Angaliweza kuwafukuza ili asije akaingia matatani na Buganda. Alikaa nao kwa wiki kadhaa, wakala na kulala, mpaka Jones alipoona hapana la kungojea tena. Wakaingia Rabai mwezi wa Februari 1886, wakitanguliwa na bendera ya buluu iliyoandikwa neno la msiba kutoka katika Biblia. Kama wapagazi wale walirudi kwa wake zao na watoto wao Mombasa na Rabai, sehemu ya shukrani ni ya Mumia, ambaye wakati ule hakuwa Mkristo wala hajasilimu.

Baada ya hapo mlango haukufungwa tena. Mwaka 1889 alikuja Frederick Jackson wa kampuni ya Kiingereza. Alipokwenda kuwinda tembo upande wa Mlima Elgon, akaja Mjerumani Carl Peters mwanzoni mwa 1890, akazisoma barua za mwenziwe zilizotoka kwa Mwanga, akakimbilia Buganda kabla yake. Yote hayo yalipita kwenye baraza la Mumia, naye akiwaandalia wote. Mwaka 1895 C. W. Hobley aliweka makao ya serikali papo hapo. Mumia akawapa Waingereza wapiganaji wa kwenda kuwavunja Wabukusu katika ngome za Lumboka na Chetambe mwaka huo. Watu wengi waliuawa, na kwa Wabukusu jina la Mumia halina harufu ya ukarimu.

Wala Samia hawakuupenda mkono wake. Waingereza walipotaka machifu wa kuwatumia, waliwachukua Wawanga, jamaa na watu wa Nabongo, wakawapeleka kutawala nchi ambazo hazikuwa zao. Murunga, ndugu yake, alipelekwa kwa Wabukusu. Samia nao wakaletewa wakubwa wa Kiwanga wa kukusanya kodi. Wasamia walikuwa wahunzi mashuhuri, majembe yao yakiuzwa nchi nyingi za jirani, wala hawakuwa na mazoea ya kumpigia mfalme magoti. Mzee mmoja wa Funyula aliniambia haya kwa hasira ungedhani yametokea juzi. Mwaka 1909 serikali ikamfanya Mumia Chifu Mkuu wa Kavirondo ya Kaskazini yote, akawa juu ya watu ambao babu zake hawakupata kuwatawala.

Katika miaka hiyo Mumia alisilimu. Watu wetu walikuwa wamekaa kwake muda mrefu, wameoa huko, wamejenga na kuswali huko. Kanzu na kofia zilikuwa zimekwisha kuwa mavazi ya heshima katika boma. Jamaa zake wengi walimfuata, na mji wa Mumias ukawa na Waislamu na misikiti mpaka hivi leo, Alhamdulillahi. Hata hivyo hakuwafungia wengine njia. Mapadri wa Mill Hill walifungua misheni yao Mumias mwaka 1904, katika makao yake mwenyewe. Waanglikana walijenga Butere mwaka 1912, katika nchi ya Marama ambako Mulama, ndugu yake kwa baba, alikuwa chifu. Na huyo Mulama akashika Ukristo. Nyumba moja ya kifalme, dini mbili, wala sijasikia kwamba walitoana damu kwa ajili hiyo.

Sasa nalirudia swali langu la Funyula. Waislamu walitangulia kwa miaka zaidi ya ishirini, na mfalme walimpata. Kwa nini basi ukitoka Mumias kwenda Samia unahesabu makanisa mengi kuliko misikiti? Wengi wetu hujibu kwamba serikali ya kikoloni iliwapendelea wamisheni, na ni kweli: shule ziliachwa mikononi mwao, na mwana wa Kiislamu aliogopa kuziingia asije akabatizwa. Kumbukumbu za misafara ya watumwa nazo zilitudhuru. Lakini hayo hayatoshi. Watu wetu walikaa barazani kwa mfalme na sokoni, wakamngoja mwanakijiji aje kwao, ajifunze Kiswahili, avae kanzu, ahamie mjini. Wamisheni walitoka. Walitafsiri Injili kwa Kiwanga, lugha ya nyumba ile ile iliyotukaribisha sisi kwanza. Wakawafundisha vijana wa vijijini kusoma, kisha wakawarudisha kwao kuwa walimu wa jamaa zao.

Samia wanao mfano ulio wazi. Jeremiah Awori, mwana wa nchi hiyo, alikuwa katika makasisi wa kwanza Waafrika wa kanisa la Kianglikana katika pande zile. Mkewe, Mariamu Odongo, alikuwa muuguzi na mwalimu wa watu. Mtoto wao Moody alizaliwa Butere mwaka 1927. Akaja kuwa mbunge wa Funyula kwa miaka mingi, na Makamu wa Rais wa Kenya tangu 2003 hadi mwanzoni mwa 2008. Mwanamke mgonjwa kijijini hakumwuliza Mariamu habari za Utatu. Aliona mtu asemaye lugha yake, ajuaye dawa, na aliyeingia mlangoni bila kuitwa. Sisi huko hatukuwa na Mariamu wetu, au kama tulikuwa naye, hatukumtuma kutoka mjini.

Mumia mwenyewe aliona jinsi wageni wanavyoweza kumzidi mwenyeji. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na njia ya zamani ya misafara ikapoteza kazi yake. Mwaka 1902 nchi yake ikatolewa Uganda ikatiwa upande wa Kenya kwa kalamu tu. Mwaka 1920 makao ya wilaya yakahamishiwa Kakamega, na baraza iliyojaa maafisa, wafanya biashara na mapadri ikabaki na wazee wa ukoo. Mwaka 1926 serikali ikamstaafisha, na cheo cha Chifu Mkuu hakikupewa Mwanga mwingine. Jirani zake hawakumsikitikia. Waliona mzigo umetuliwa.

Akaishi miaka 23 zaidi. Alifariki mwaka 1949, umri wake ukikisiwa kufikia miaka mia, wala katika wageni wakubwa wa ujana wake, Thomson, Jones, Jackson, Peters na Hobley, hapakusalia hata mmoja wa kumzika.