Mutisya Munge: Mchonga vigoda aliyefungua njia ya vinyago

SYOKIMAU, mwaguzi mashuhuri wa Ukambani, jina lake limesalia katika mji ulio mlangoni mwa Machakos, na katika kituo cha reli kilichofunguliwa huko mwaka 2012. Mutisya Munge, mwana wa Wamunyu katika kaunti hiyo hiyo, hakuachiwa kituo. Kumbukumbu yake ni vinyago vinavyouzwa kila pembe ya Kenya, na wengi wavinunuao hawamjui.

Kabla yake, Wakamba walichonga zaidi vitu vya kutumiwa: fimbo, miiko na, juu ya vyote, kigoda cha mzee. Kigoda hicho kilitolewa katika gogo moja, bila kiungo wala msumari. Kilikuwa na miguu mitatu, hivyo hakikuyumba hata ardhi ilipokuwa na mabonde. Juu ya kikalio fundi alichora miduara na mistari, kisha akapachika waya mwembamba wa shaba, akiugongagonga hadi ukalingana na mti. Mwenyewe alikibeba hadi barazani, na waliomwona walitambua cheo chake.

Munge alikuwa tayari mchongaji wakati Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia (1914-1918) vilipomfikisha nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, akiwatumikia Waingereza. Huko alikutana na mafundi wa sanamu. Wengine huwataja Wazaramo, wengine Wamakonde. Aliporejea Wamunyu alianza kuchonga sanamu za kuuzwa, na wanunuzi wake wakawa Wazungu. Mwanzoni ujuzi ulikaa kwa jamaa zake. Majirani nao wakautwaa, na kufikia miaka ya 1950 vinyago vya Wakamba vilikuwa vikisafirishwa Ulaya na Marekani. Wachongaji waliohamia Mombasa waliunda chama chao cha ushirika huko Changamwe mwaka 1963.

Biashara hiyo imesomesha watoto wengi wa Ukambani, wala hilo halina ubishi. Lakini mpingo na muhugu ilikatwa hata ikaadimika, wachongaji wakageukia mwarobaini. Nacho kigoda cha shaba, kazi ya siku nyingi, kilishindwa na twiga achongwaye upesi. Vigoda vingi vya kale vilichukuliwa na wageni, na leo vimo katika makabati ya kioo ya makumbusho ya ng'ambo, ambako hakuna mzee anayeruhusiwa kuvikalia.